Kipimo cha maji kinachopanda na jua: tengeneza waya na saketi kabla ya kununua chipu ya biti 24

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza kipimo cha maji kwa ajili ya simtanki letu la lita 1,000 lililo juu ya mnara nyumbani, Morogoro. Nimezamisha waya wa umeme wa nyumba wa 1.5 ukiwa na ganda lake, ncha nimeiziba kwa silikoni. Pembeni yake kuna fimbo ya chuma kisichoshika kutu iliyoungwa graundi. NE555, chipu ya kutengeneza mapigo ya umeme, inatoa mapigo, na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, inayahesabu kwa sekunde moja. Shida yangu ni hii: tangi likiwa limejaa na koki imefungwa, asubuhi nasoma kama lita 950, saa nane mchana nasoma 1,050. Rafiki yangu anasema niachane na 555 ninunue FDC1004, chipu inayopima uwezo wa kushika chaji, kwa sababu ina biti 24. Ninunue? Na naweza kuvuta waya wa mita 8 kutoka tangini hadi sebuleni?

JIBU: Marahaba. Usinunue bado. Ukiifunga FDC1004 kwenye waya huo ulio nao, itafika mwisho wa kipimo chake maji yakiwa hayajafika hata nusu ya tangi, na hapo biti 24 zitakuonyesha namba ileile moja mpaka juu. Wazo lako la 555 ni zuri kwa kazi hii. Vilivyokuangusha nadhani ni viwili, ganda la waya na aina ya 555 uliyotumia, na vyote vinatengenezeka kwa gharama ndogo kuliko chipu mpya. Nitakuonyesha namna ya kujua kipi kina kosa kabla hujabadilisha kitu.

Tuanze na kile unachokipima. Wengi wanaotengeneza vipimo vya maji vya aina hii wamesoma kwamba pemitiviti (namba inayoonyesha kitu kinasaidia kiasi gani kushika chaji) ya maji ni karibu 80 na ya hewa ni 1, wakaamini kwamba kipimo chao kinafanya kazi kwa tofauti hiyo. Kwa waya wenye ganda ndani ya maji ya bomba, mambo hayako hivyo. Maji ya bomba yana chumvi za kutosha kupitisha umeme, na kwenye mapigo elfu chache kwa sekunde kama yako, mkondo unaopita kwa njia ya chumvi ni mkubwa mara mamia au zaidi ya ule unaotokana na pemitiviti. Kwa hiyo maji hapo yanafanya kazi ya waya. Kapasita ni kifaa cha kushika chaji kati ya mabamba mawili, na yako ni hii: bamba moja ni shaba ya ndani, bamba la pili ni maji yanayougusa waya kwa nje, na katikati yao kuna ganda la PVC. Maji yakipanda, bamba la pili linarefuka. Hilo ndilo unalolisoma.

Ukishalielewa hivyo, unaweza kupiga hesabu ukiwa umekaa mezani. Waya wa 1.5 una shaba yenye kipenyo cha milimita 1.38 hivi (1.5 ni eneo lake, si kipenyo), na ganda la unene wa milimita 0.7, kwa hiyo kipenyo cha nje ni kama milimita 2.78. Kapasitansi, yaani chaji inayoshikwa kwa kila volti, kwa kila mita ya waya ni pikofaradi (pF) 55.6 mara pemitiviti ya ganda, gawanya kwa logi asilia ya kipenyo cha nje juu ya kipenyo cha ndani. Logi hiyo kwako ni 0.70. PVC ya nyaya za umeme tuichukulie 4, na jibu linakuja karibu pF 318 kwa mita. Tangi likiwa na kina cha maji cha mita 1.1, kihisi chako kinatoka pF 30 hivi za miguu ya chipu, bodi na vipande vya waya vilivyo nje ya maji, kinakwenda hadi pF 380. Sentimita moja ya maji ni pF 3.2. Hicho ni kihisi kikubwa, na ni rahisi kukisoma.

Sasa angalia hiyo pemitiviti ya 4. Nimeiandika kama vile ni namba iliyotulia, lakini PVC laini ya nyaya haitulii. Ndani yake kuna mafuta ya kulainisha, na joto likipanda pemitiviti yake nayo hupanda, tena kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye mapigo ya chini kama yako. Tangi jeusi juu ya mnara wa Morogoro huamka na maji ya baridi, na saa nane mchana maji yake ni ya kuogea bila kuchemsha. Kipimo chako kinapanda pamoja na jua, na PVC nayo hupanda pamoja na jua. Mshukiwa wa kwanza ni huyo.

Lakini usimhukumu kwa kudhani. Nenda dukani ununue kapasita ya seramiki ya pF 330 ya aina ya C0G, ambayo wengine huiandika NP0. Omba aina hiyo kwa jina, kwa sababu seramiki za kawaida, X7R na zaidi Y5V, hubadilika na joto na zitakudanganya. C0G haitembei zaidi ya sehemu 30 kwa milioni kwa kila digrii. Toa waya wa tangini, weka kapasita hiyo mahali pake, funga boksi lako kama kawaida liache palepale juu ya tangi usiku na mchana kutwa, na rekodi masomo. Namba zikipanda na jua kama mwanzo, kosa liko kwenye saketi. Zikitulia, kosa liko kwenye waya. Zikipanda kidogo tu kuliko mwanzo, vyote viwili vina mchango, na kwa kweli ndivyo ninavyotarajia kwako.

Kwa nini naitilia shaka na saketi? Kwa sababu ya NE555 yenyewe. Chipu hii ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics na kuingia sokoni 1972, na mpaka leo sioni chipu iliyofundisha watu wengi zaidi yake. Lakini ile ya asili imejengwa kwa transista za baipola, na mguu wake wa 6, unaotazama volti ya kapasita mpaka ifike theluthi mbili ya chanzo, unanyonya mkondo kidogo ambao karatasi ya data inauruhusu kufika mikroampea 0.25. Kapasita ya nanofaradi mia isingehisi kitu. Wewe unapima pikofaradi, na ili upate mapigo yanayohesabika lazima uwe umeweka rezista kubwa. Tuseme R1 ni kilo-ohm 100 na R2 ni kilo-ohm 470. Kapasita inapokaribia theluthi mbili za volti 5, mkondo unaoijaza kupitia rezista hizo mbili ni kama mikroampea 2.9 tu. Mguu ukichukua 0.25 hapo, umekula karibu asilimia 9 ya mkondo wote, na kiasi hicho hakikai pamoja: hubadilika na joto na hutofautiana kati ya chipu moja na nyingine. Badilisha uweke TLC555 au ICM7555, ambazo ni za CMOS, aina ya transista isiyonyonya karibu mkondo wowote. Miguu yake inakaa palepale kwenye soketi, na mkondo wa mguu wa 6 unashuka hadi kiwango cha pikoampea. Badilisha pia rezista za kaboni uweke za filamu ya metali, kwa sababu za kaboni zikipata joto la digrii 20 zaidi zinaweza kukutoa karibu asilimia nzima.

Kuna jambo jingine kwenye maelezo yako ambalo hukuliuliza, nalo linakuharibia namba kila siku, kuwe na jua kusiwe na jua. Unahesabu mapigo kwa sekunde. Mapigo ya 555 ni 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) mara C, yaani kapasitansi iko chini ya mstari. Kwa rezista nilizotaja, tangi likiwa tupu lenye pF 30 unapata mapigo 46,154 kwa sekunde. Sentimita moja ya maji ikiingia, yanashuka hadi kama 41,700. Sentimita moja imekupa hesabu 4,400. Tangi likiwa limejaa lenye pF 380 unapata mapigo 3,644, na sentimita moja ya mwisho ndiyo iliyoyashusha hapo kutoka 3,675, yaani hesabu 31 tu. Ukichora mstari ulionyooka kati ya "tupu" na "jaa" na kuugawa kwa lita, kila kitu cha katikati kitakuwa si kweli.

Pima muda wa pigo badala ya idadi ya mapigo. Muda wa pigo unapanda sawasawa na C: kila sentimita inaongeza mikrosekunde 2.3, iwe chini au juu ya tangi. Uno ina taima ya biti 16 inayoweza kunasa wakati kamili ambapo pigo limefika kwenye pini 8, na saa yake ya MHz 16 inahesabu kila nanosekunde 62.5. Kwa hiyo sentimita moja ni hesabu 37 kwenye pigo moja tu, kabla hujachukua wastani wowote. Maktaba ya FreqMeasure inafanya kazi hiyo kwenye pini hiyohiyo. Chukua jumla ya mapigo 100, na sentimita moja inakuwa hesabu 3,700 kwa kazi isiyozidi milisekunde 30. Sasa rudi ujiulize unataka nini. Ukitaka kujua maji kwa lita 5 kati ya 1,000, unahitaji kutofautisha ngazi 200. Biti 8 zinatosha kuzihesabu. Tayari una nyingi kuliko hizo mara nyingi sana, kutoka kwenye chipu ya bei ya soda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yako, ingawa FDC1004 ni chipu ninayoipenda. Biti ni idadi ya vipande ambavyo kipimo kimegawanywa. Hazikuambii kama kilichopimwa ni maji au ni joto la PVC. Kihisi kikisogea kwa pF 38 kwa sababu ya jua, chipu ya biti 24 itakuandikia msogeo huo kwa usahihi wa kustaajabisha, na bado lita zako zitakuwa za uongo.

Inafaa uelewe chipu hizi zinavyofanya kazi ili siku ukiihitaji uichague kwa akili yako. Ndani ya FDC1004 hakuna mapigo yanayofuata ukubwa wa kihisi. Chipu yenyewe inakipiga kihisi kwa wimbi la kHz 25, na kila pigo linasukuma chaji kiasi cha C mara volti kuingia kwenye kikusanyi. Kwenye kikusanyi hichohicho kuna kapasita ndogo ya ndani ambayo thamani yake inajulikana, na kazi yake ni kuvuta chaji irudi. Kila mzunguko kilinganishi kinatazama: chaji imezidi? Kama imezidi, kapasita ya ndani inavuta mara moja na kunaandikwa 1. Kama haijazidi, kunaandikwa 0. Ni mizani ya mawe: upande mmoja kuna mzigo, upande mwingine unaweka na kutoa jiwe moja lilelile, na uzito unaujua kwa kuhesabu ni mara ngapi jiwe lilihitajika. Baada ya mizunguko mingi, uwiano wa 1 kwa jumla yote ndio uwiano wa kihisi kwa kapasita ya ndani. Wahandisi huiita njia ya sigma-delta. Uzuri wake ni kwamba volti ya chanzo inajifuta yenyewe kwenye uwiano, na kelele husambazwa ikachujwa.

Lakini jiwe ni moja na ni dogo. FDC1004 inapima kutoka pF 15 chini ya sifuri hadi pF 15 juu yake. Ina njia ya kusogeza sifuri kwa hatua za pF 3.125 hadi karibu 97, kwa hiyo kikomo chake cha juu kabisa ni kama pF 112, tena dirisha linabaki la pF 30 kwa wakati mmoja. Waya wako unafika pF 112 maji yakiwa na kina cha sentimita 35. AD7746 ya Analog Devices ni nyembamba zaidi, pF 4 kila upande, ingawa ndani ya dirisha hilo inaona mabadiliko ya atofaradi chache, na atofaradi ni sehemu ya milioni ya pikofaradi. Isitoshe, AD7746 inataka kihisi ambacho ncha zake zote mbili ziko huru, wakati chako kimeungwa graundi kupitia maji. Kwa kihisi kilichoungwa graundi kampuni hiyohiyo ina AD7747. Mtu anaweza kupoteza wiki nzima kwa kutojua tofauti hiyo moja ya tarakimu.

Ungekuwa unapima kutoka nje ya tangi, kwa kubandika vipande viwili vya karatasi ya alumini yenye upana wa sentimita moja kwenye ukuta wa plastiki, ningekuambia nunua FDC1004 leo. Hapo ukuta wa milimita 5 ndio unakuwa ganda, na kihisi chote kinakuwa cha pikofaradi kama 20. Kwa ukubwa huo kivuli cha mkono wako ukikaribia tangi kinaonekana, na chipu hii ina miguu miwili ya kuendesha kinga, yaani bamba linalowekwa nyuma ya kihisi na kupewa volti ileile ya kihisi wakati wote ili kusiwe na chaji inayopita kati yao. 555 haina kitu cha namna hiyo. Ila tangi lako liko juani na mvuani. Umande wa asubuhi ukilala juu ya ukuta unaunganisha vipande hivyo viwili kwa nje, na hakuna programu itakayotenganisha maji ya ndani na ya nje. Kwa tangi la nje naupendelea waya wa ndani.

Usivutwe pia na FDC2214, hata ukisikia ni biti 28. Hiyo inaunganisha kihisi na koili na kupima masafa ya mtetemo wao, mara nyingi MHz kadhaa. Kwa koili ya mikrohenri 18 na kapasita ya pF 33 unapata karibu MHz 6.5. Kwenye masafa hayo chumvi ya maji na pemitiviti yake vinakuwa na nguvu zinazokaribiana, kwa hiyo maji ya mvua na maji ya kisima yatakupa namba tofauti kwa kina kilekile. Kwenye kHz 5 zako suala hilo halipo.

Hata 555 ungeweza kuiacha kabisa. Ndani ya Uno kuna kilinganishi kwenye pini 6 na 7. Ukijaza kihisi cha pF 300 kupitia rezista ya megaohm 1 na kuhesabu muda hadi kifike nusu ya volti, unapata mikrosekunde 208, yaani hesabu 3,327. Nusu hiyo itoe kwenye rezista mbili zilizoungwa kwenye volti 5 zilezile, ili chanzo kikiyumba vyote viyumbe pamoja. Ni njia nzuri kama Uno yenyewe itakaa juu ya tangi. Kwako, kwa sababu ya mita 8, naona 555 inafaa zaidi.

Tuje kwenye waya huo wa mita 8, na hapa naomba uwe makini. Ukivuta kihisi hadi sebuleni kwa kebo ya koaksi ya RG-58, kila mita ya kebo inaleta pF 100 zake. Mita 8 ni pF 800, zaidi ya mara mbili ya kihisi chote, na hizo zitakuwa zinapata jua, zinakanyagwa na kutikiswa na upepo. Utakuwa umejenga kipimo cha kebo. Saketi ikae kwenye boksi lisiloingia maji juu ya tangi, waya wa kihisi usizidi sentimita 10 hadi kwenye miguu ya 2 na 6, na kinachosafiri kiwe mapigo yaliyokwisha kutengenezwa, kutoka volti 0 hadi 5. Mapigo hayo hata yakichafuliwa njiani muda wake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kebo ya mtandao ya kawaida yenye nyaya nane inatosha sana. Weka rezista ya ohm 220 kwenye mguu wa 3 kabla ya kebo, kapasita ya nanofaradi 100 kati ya volti 5 na graundi karibu kabisa na chipu, na rezista ya kilo-ohm 1 kati ya kihisi na miguu ya 2 na 6, kwa sababu kihisi kilicho juu ya mnara msimu wa radi si kitu cha kuunga moja kwa moja kwenye chipu.

Kwa kuwa kebo ina nyaya za ziada, zitumie kumaliza tatizo la joto la saketi moja kwa moja. Badala ya TLC555 moja weka TLC556, ambayo ni mbili ndani ya ganda moja. Upande mmoja unga kihisi, upande wa pili ile C0G ya pF 330 uliyoinunua kwa jaribio, kwa rezista za thamani na aina moja. Usiziache zitembee pamoja, maana mapigo yakikaribiana yanavutana na kujifunga moja kwa lingine. Uno iwe inaamsha moja na kulaza nyingine kwa miguu ya RESET, yaani wa 4 na wa 10. Kisha pima muda wa kihisi, pima muda wa C0G, na mara moja tu siku ya kwanza pima muda wa upande wa kihisi ukiwa umeukata waya wa tangini na kuacha miguu mitupu. Toa huo wa mwisho kwenye kila mmoja, halafu gawanya kihisi kwa C0G na zidisha kwa 330. Unachopata ni pikofaradi. Joto la rezista, kuyumba kwa volti 5, na hata saa ya Uno, ambayo kwenye Uno nyingi ni rezoneta ya seramiki isiyo sahihi kama kristali, vyote viko juu na chini ya mstari wa kugawanya, kwa hiyo karibu vyote vinakatana. Mbinu ya kupima sifuri, rejea na kihisi kwa njia moja ilifanyiwa kazi kubwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na ndiyo iliyo ndani ya chipu ya UTI ya Smartec. Mimi naithamini kuliko biti nyingi, kwa sababu inashughulika na kosa lenyewe.

Kinachobaki ni waya wa tangini, maana uwiano haugusi kosa la PVC. Tafuta mita tatu za RG-58 ambayo ndani yake ni poliethilini ngumu, iliyo wazi kama barafu. Usichukue kebo ya TV ya RG-6, kwa sababu ya ndani mwake huwa ni povu na povu hunywa maji. Vua ganda la nje, vua na wavu wa shaba, ubaki na shaba ya katikati ndani ya poliethilini. Unajua sasa una nini? Wavu ulioutoa ndio uliokuwa bamba la nje, na maji yatachukua nafasi yake. Kwa hiyo pF 100 kwa mita zilezile zilizokuwa adui kwenye kebo ya sebuleni ndizo zitakazokuwa kihisi chako, na tofauti na PVC, poliethilini hubadilika kidogo sana na joto wala hainywi maji.

Usiutumbukize ukiwa na ncha majini. Ukunje kama herufi U, mkunjo mpana usioumiza plastiki, ncha zote mbili zibaki juu ya maji ndani ya boksi, na uzi wa nailoni wenye kitu kizito uuvute mkunjo huo chini. Silikoni kwenye ncha itaachia tu, iwe mwezi huu au mwakani, kwa sababu haishiki poliethilini wala PVC vizuri. Ganda likipata tundu, maji yanagusa shaba na chaji inavuja. Kwa rezista tulizotaja, ukinzani wa njia ya uvujaji ukishuka chini ya megaohm 1.1 hivi kapasita haitafika tena theluthi mbili ya volti, na 555 itanyamaza kabisa. Kwa hiyo andika kwenye programu yako: mapigo yasipokuja kwa sekunde moja, onyesha "waya umevuja", usionyeshe tangi tupu, la sivyo pampu itawashwa juu ya tangi lililojaa. Kwa U hiyo unapata pF 200 kwa kila mita ya kina, na sentimita moja ni hesabu 23 kwa pigo. Zinatosha.

Waya huo na fimbo vyote viwili vipitishe ndani ya bomba la PVC la inchi mbili lililotobolewa matundu kuanzia chini hadi juu. Bomba linatuliza mawimbi wakati wa kujaza na linaweka umbali wa waya na fimbo ukiwa uleule. Maji yakishuka haraka utaona kipimo kinachelewa kwa dakika chache, kwa sababu utando wa maji unabaki umeshika waya. Hilo ni la kawaida na kwenye poliethilini ni dogo. Kwa kelele za umeme wa TANESCO, fanya kila kipimo kichukue milisekunde 20 kamili au zidisho lake, kwa kuwa wimbi la Hz 50 linakamilika humo na kujifuta. Chukua vipimo 15, vipange, tumia cha katikati badala ya wastani. Cha katikati hakiyumbishwi na pigo moja lililoharibika pampu ilipowashwa.

Mwisho, lita. Jaza tangi kwa ndoo ya lita 20 uliyoipima mwenyewe, na kila baada ya ndoo tano subiri maji yatulie, andika pikofaradi. Utakuwa na jozi kumi. Sehemu ya katikati ya tangi itakaa kwenye mstari ulionyooka, lakini chini kabisa na kwenye mabega ambako tangi linajikunja mstari utapinda, kwa hiyo iache programu itafute kati ya jozi mbili zilizo jirani badala ya kutumia mlinganyo mmoja kwa tangi zima. Fanya zoezi hilo asubuhi, kisha mchana wa siku hiyohiyo, koki ikiwa imefungwa, soma tena. Zikitofautiana kwa zaidi ya lita 10, niandikie namba nne: pikofaradi za kihisi na muda wa C0G, asubuhi na mchana. Kwa hizo nne nitajua kama tuendelee na waya au turudi kwenye boksi.